Jina Likishuka Mlima

Mlionipigia simu gazetini wiki nzima mkitaka kujua jina, haya, tulieni. Jina ni Tak Gyeong-ho.

Ndiyo. Huyo huyo. Naibu Waziri.

Tulimwacha Wakili Ban Seon-ju katikati ya mlima, kaegemea jiwe, glavu kaiuma kwa meno, simu mkononi, akisubiri kompyuta za kampuni yake zimtajie mwenye laini ya ukurasa wa "Fulana Nyeupe". Ni ule ukurasa unaoiharibia serikali kifungua kinywa kila asubuhi kwa picha moja tu. Fulana ya kiume, zamani nyeupe, imefuliwa kwa maji ya bomba ya mtaa wa Haneulmaru na sasa ina rangi ya chai ya mkandaa. Chini yake pameandikwa: "Leo tena. Nani anakunywa haya?"

Na anayemtafuta mwenye ukurasa huo kwa udi na uvumba ni nani? Tak Gyeong-ho, aliyekata utepe wa mabomba hayo kwa mkasi wa rangi ya dhahabu, huku akipigiwa makofi.

Seon-ju aliisoma skrini, akaifuta kwa kidole, labda ni jasho. Jina halikufutika. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa ule ule. Makubwa! Mtu anajitukana kila asubuhi, kisha Jumamosi anapanda mlima kujitafuta?

"Wakili!" Naibu Waziri aliita kutoka juu, kofia ya kupandia mlima imemkaa vizuri kuliko cheo. "Unapumua bado, au tukubebe?"

"Napumua, Mheshimiwa."

"Huku mlimani niite kaka! Sisi sote hapa ni ndugu."

Ndugu, naam. Kwa aliyekosa gazeti la wiki zilizopita niseme haraka. Kila Jumamosi wakubwa wa wizara, polisi na kampuni ya Narumaru, ambayo nusu ya Seoul inaandikiana ujumbe kupitia kwayo, hupanda mlima pamoja kwa ajili ya afya. Nchi ina katiba. Ina bunge, ina mahakama zenye ngazi za marumaru. Serikali ikitaka jina la mwananchi, iende kwa hakimu ikalete hati. Lakini hati, jamani, ina tarehe, ina sahihi, na karani anabaki na nakala.

Mlimani hakuna karani. Wala hakuna amri, Mungu apishe mbali! Kuna ombi la kirafiki, na kampuni hukubali kwa hiari yake. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hawakuwahi kupanda mlima na Naibu Waziri.

Kanuni za klabu hii ya mlimani alizitunga Tak mwenyewe. Hakuna kuandika. Na anayetumwa kazi ya klabu azime simu mpaka aimalize, isije ikaonekana nani alimpigia nani.

Mwezi wa nne lilishuka mlima huu jina la Mwalimu Wi, mwalimu wa kemia, aliyeyapima maji yale na kutangaza alichokiona. Aliyelitoa ni Seon-ju. "Ni ombi tu," aliambiwa, akatoa. Leo Mwalimu Wi hafundishi. Anakaanga kuku kwenye kiduka karibu na stesheni. Seon-ju alikwenda kununua mara moja. Mwalimu hakumjua. Alimwongezea figili za siki bure, akamwambia, "Karibu tena, dada, una uso wa huruma."

Kuku yule hakulika. Seon-ju alikaa naye mapajani ndani ya gari akalia mpaka mafuta yakapenya kwenye sketi. Siku hiyo akaapa kwamba jina jingine halitashuka mlima bila hati ya hakimu, hata kama kazi itaota mbawa. Bosi alimwamuru alitafute, kalitafuta. Kulitoa ni shauri jingine.

"Umelipata?"

Huyo ndiye bosi mwenyewe, Pyo Dae-sik, mkurugenzi wa Narumaru, akiteremka mwamba kwa makalio, suruali mpya inalia kwaru kwaru.

"Nimelipata."

"Ninong'oneze."

"Sinong'oni, bosi. Na wewe mwenyewe hutaki kulijua, niamini."

"Nisitake? Wewe Ban, kibali cha benki yetu ya simu kimelala mezani kwa yule mzee pale juu! Nimemwahidi jina kabla hatujakaa kula chapati."

"Leta hati ya hakimu."

"Leo Jumamosi!"

"Basi Jumatatu."

"Jumatatu wewe utakuwa unakaanga kuku, jirani na mwalimu wako."

"Nitakaanga," Seon-ju akasema, na simu akaikumbatia kifuani, tusimsingizie ushujaa. "Lakini silitoi."

Alitegemea matusi. Pyo akatabasamu. Akapigapiga mkoba wake wa mgongoni kama anayembembeleza mtoto, akasema, "Basi kaa nalo. Jina silihitaji tena."

Akaendelea kuteremka akipiga mluzi. Bosi anayepiga mluzi baada ya kukataliwa ni wa kuogopwa.

Walikaa chini ya mlima, kwenye baraza la mama muuza chapati za vitunguu majani, viatu vimepangwa nje, bakuli za bati zilizobonyea mezani. Pombe nyeupe ya mchele ikamiminwa. Kila mtu alimmiminia Tak kwa mikono miwili, kila mtu aligeuza uso pembeni alipokunywa mbele yake. Adabu ya nchi hii inapendeza sana. Watu hawa hawawezi kumnywea mkubwa usoni, lakini kumpita hakimu mlangoni, hiyo wanaweza.

Mkono wa kulia wa Tak alikaa Kamishna Gil wa polisi, mtu mnene anayekula kwanza na kufikiri baadaye.

"Ndugu zangu," Tak alianza, "sisi ni nchi ya sheria."

"Kweli kabisa, kaka!"

"Lakini sheria ni barabara kuu, na barabara kuu ina foleni. Marafiki hupita njia ya mkato. Kuna ubaya?"

"Ubaya uko wapi, kaka!"

"Huyu Fulana Nyeupe anatia watu hofu. Hatutaki kumfunga. Tunataka kuzungumza naye tu, kirafiki, tumwelimishe." Akamgeukia Seon-ju na bakuli mkononi. "Wakili, tunasubiri kwa upole."

Seon-ju akainua birika, akammiminia kwa mkono mmoja.

Mkono mmoja! Kamishna Gil akaacha kutafuna.

"Jina ninalo," Seon-ju akasema. "Litatoka siku nitakapowekewa hati ya hakimu mezani. Na kwa faida yako, Mheshimiwa, ningekushauri usiende hata kwa hakimu."

"Unanitisha?"

"Nakuonea huruma."

"Weee!" Tak akacheka, na meza nzima ikacheka, kwa hiari. "Hakimu wa nini kati ya watu safi? Mtu asiye na la kuficha anaogopaje kujulikana? Mimi hapa, nitafuteni mnavyotaka! Simu yangu, nyumba yangu, ukoo wangu mzima! Sitauliza karatasi hata moja."

"Kamishna amesikia," Seon-ju akasema.

"Nimesikia," Gil akajibu akichukua chapati nyingine.

Hapo simu ya Tak ikaimba wimbo wa zamani, na uso wake ukalainika. "Mama yangu," akatangaza, kidole juu. "Siku ya Wazazi mwaka jana nilimvalisha ua jekundu kifuani na kumpa simu mpya. Laini nimesajili kwa jina langu, bili nalipa mimi. Mtoto mwema ndiyo hivyo, vijana, jifunzeni."

Wazee husikia kwa shida, kwa hiyo huongea kama wanamwita mtu ng'ambo ya mto. Tak aliitenga simu na sikio, meza nzima ikamsikia Bi Maeng.

"Gyeong-ho, umekula?"

"Ndiyo, mama."

"Maji leo yametoka meusi! Fulana za marehemu baba yako zinaharibika zote! Nimezianika, nimezipiga picha!"

"Ndiyo, mama. Vumilia, mama."

"Unasema vumilia tangu masika! Mimi nimeshapata njia yangu!"

"Vizuri, mama. Kula vizuri, mama."

Akakata, akaendelea kunywa. Sikio lake lilikwisha kuizoea sauti ile bila kuyasikia maneno.

Lakini Seon-ju aliyasikia. Loo! Basi ndiyo hivyo. Laini ya kijana, kidole cha mama. Nusu ya watu wa nchi hii wamewasajilia wazazi wao simu kwa majina yao, yeye mwenyewe kafanya hivyo, na bado hakuliwaza. Ajuza wa watu, fulana za marehemu kwenye kamba, ndiye hatari ya taifa.

Alikaribia kucheka. Kisha akaukumbuka mluzi wa Pyo.

"Bosi," akamgeukia, "kwenye mkoba mna nini?"

"Hamna kitu. Maji, machenza na simu yangu."

"Umefanya nini?"

Pyo akanyoosha mabega. Alikuwa ameingoja nafasi hii tangu kileleni. "Nimetumia akili. Jina ni siri ya mteja, wakili wetu ameshikilia, namheshimu sana. Kwa hiyo jina sijatoa! Nimeagiza ofisini wamrushie Kamishna mahali tu. Pale simu inapolala. Mahali si jina. Mikono yetu safi."

"Safi kabisa," Gil akakubali. "Nami nimeshawatuma vijana wawili, sasa hivi wanaingia huko. Mazungumzo ya kirafiki."

"Mnaona?" Tak akapiga meza. "Huu ndio ushirikiano! Bila karatasi, bila foleni. Ni wapi huko, mdogo wangu?"

Gil akaitazama simu yake kwa jicho moja, chapati ikining'inia mdomoni. "Haneulmaru. Jengo la karibu na bustani ya mivinje, ghorofa ya chini. Picha ya ramani inaonyesha kibaraza chenye mitungi ya kimchi na kamba ya nguo."

Bakuli la Tak likaanguka. Pombe ikamtiririkia suruali, hakuifuta.

"Ghorofa ya chini," akarudia. "Mitungi mingapi?"

"Kaka?"

"Kuna mmoja wenye kifuniko cha buluu?"

Gil akaitazama tena. "Upo. Kaka unapafahamu?"

Msomaji, nakuomba uikate hii sehemu uibandike ukutani, maana kilichofuata hutakiona tena maishani mwako. Naibu Waziri Tak Gyeong-ho alisimama soksi mguuni, akanyoosha kidole, na kwa sauti ya mtu aliyeonewa akapiga kelele, "Kwa hati ipi? Gil, nauliza, hati ya hakimu iko wapi?"

Mama muuza chapati alichungulia kutoka jikoni.

"Kaka," Gil akasema polepole, "si wewe uliyesema hakuna kuandika?"

"Mnaingiaje nyumbani kwa raia bila hati! Hii ni nchi ya sheria!"

"Ndiyo, kaka, lakini foleni..."

"Foleni ya baba yako! Yule ni mama yangu! Warudishe! Wapigie sasa hivi!"

Gil akapiga. Akasikiliza. Akapiga tena. Jasho likamtoka shingoni. "Wamezima simu, kaka. Kanuni ya klabu."

"Nani mpumbavu aliyeitunga kanuni hiyo?"

Macho yote yalishuka kwenye chapati.

"Piga kituoni kwao basi!"

"Kituoni hawajui kitu. Hatujaandikisha popote. Kwa kumbukumbu za serikali, kaka, vijana wale leo wako likizo."

Tak alimpigia mama yake. Mama hakupokea, labda yuko kwenye kamba ya nguo, labda yuko mlangoni. Akapiga tena. Nasema kweli, kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze nilimwonea huruma, kidogo, halafu nikamkumbuka Mwalimu Wi, ikanipita.

Ndipo akamgeukia Seon-ju, si kama kaka wa mlimani. Kama mtoto wa mtu.

"Wakili. Dada yangu. Nisaidie. Sheria inasemaje?"

Miezi yote hiyo hakuna mtu mezani pale aliyewahi kuliuliza swali hilo. Seon-ju alilisikia mpaka kwenye mifupa.

"Inasema raia anaweza kumpigia hakimu wa zamu," akajibu. "Yupo, hata Jumamosi. Atatoa amri, na kituo cha mtaa kitatuma askari wenye sare wakawaondoe wale wawili. Lakini hakimu hasikii minong'ono. Anataka malalamiko yaliyoandikwa. Nani ameomba, nani ametoa, nani ametuma watu, bila hati."

"Andika basi! Andika ni kosa!"

"La nani?"

Tak akalitazama jina la mama yake kwenye skrini.

"Usiandike!" Pyo akaruka, akamwaga kachumbari. "Kaka, ukitia sahihi hapo tumekwisha wote! Kibali, kampuni, wizara! Wewe wape tu dakika chache, watazungumza na mama, watamwelimisha, wataondoka."

"Kama mlivyomwelimisha Mwalimu Wi?" Seon-ju akauliza.

"Nani tena huyo?" Tak akasema, na hakuwa anaigiza. Alikuwa amemsahau kabisa.

Seon-ju akatamani kumtupia birika. Badala yake alitoa karatasi na kalamu mkobani, vitu viwili vilivyopigwa marufuku kwenye meza ile, akavisukuma katikati ya bakuli. "Ukitia sahihi, mama yako anapona leo, wewe unaanguka kesho. Usipotia, kinyume chake. Mimi ningekuwa mtoto mwema, ningejua la kufanya. Ua jekundu si ulimvalisha wewe?"

Tak akaishika kalamu. Akaiweka. Akaishika tena. Ncha ikagusa karatasi.

Simu ikaimba.

Safari hii aliibonyeza kwa pupa, na sauti ya Bi Maeng ikajaa baraza zima.

"Gyeong-ho, umekula?"

"Mama! Mama, uko salama?"

"Nife kwa nini? Vijana wako wamefika hapa, wanasema ni marafiki zako wa mlimani. Wana adabu, wamevua viatu. Mmoja amekonda hata aibu. Nimewabandikia tambi."

"Mama, sikiliza..."

"Nimebandika kwa maji ya bomba. Yale ya chupa unayoniletea kwa siri yamekwisha."

Kamishna Gil, ambaye nyumba yake iko Haneulmaru na watoto wake wanakunywa bomba, akaweka vijiti vyake mezani.

"Maji ya chupa, kaka?" akauliza.

"Sasa mwanangu," Bi Maeng akaendelea, "hawa vijana wanaitaka hii simu uliyoninunulia. Wanaomba tu, hawalazimishi. Niwape? Maana humu ndimo uliniandikia, wiki ile kabla ya kukata utepe, 'Mama, usinywe maji ya bomba, wala usimwambie mtu.' Sikuufuta. Nilifurahi, nikasema mwanangu ananijali. Halafu nikawatazama watoto wa jirani wanavyokunywa, nikakosa usingizi. Nimekulilia kwenye simu, husikii. Nikasema basi nitaandika, labda serikali itasoma, nawe si ndiyo serikali? Haya, niambie. Niwape?"

Tak akisema "usiwape", Gil anajua kwa nini. Akisema "wape", ujumbe ule unaingia mikononi mwa polisi ambao mkubwa wao ameacha kula. Tak alimtazama Pyo, Pyo akatazama mlima. Kidole cha Naibu Waziri kikaanza kutambaa kuelekea kitufe chekundu cha kukata simu.

Alikuwa anataka kumkatia mama yake simu.

Seon-ju hakufikiri. Alikifunika kitufe kwa kiganja, akainama juu ya bakuli na kachumbari iliyomwagika, akasema kwa sauti ya kuvuka mto, "Mama! Usiwape! Waambie walete hati ya hakimu!"

"Wewe ni nani, mwanangu?"

"Umefukuzwa kazi!" Pyo akapiga yowe. "Ban, umefukuzwa, sasa hivi!"

"Asante, bosi," Seon-ju akajibu, macho hayajatoka kwenye simu. "Mama, naitwa Ban Seon-ju. Kuanzia sasa mimi ni wakili wako."

Upande wa pili kilisikika kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini. Kisha Bi Maeng, taratibu, kama anayemkatalia mgeni kikombe cha pili, akawaambia vijana wale, "Mmesikia? Wakili wangu anasema mkalete hati."

Sauti ya kiume ikajibu kitu. Kiti kikaburuzwa sakafuni. Simu ikakatika, na si Tak aliyeikata. Nani aliikata, hiyo ni hadithi ya wiki ijayo.